Neva Iliyokatika na Majirani Zake

Muaither ni mtaa ulio katika manispaa ya Al Rayyan, magharibi mwa Doha, mji mkuu wa Qatar. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya huko, wakazi wake wengi wametoka ng'ambo, wakiwamo vijana wa Afrika Mashariki waliokwenda kutafuta riziki.

Mmoja wao akikatwa na kioo hata neva ya mkono ikakatika, na mwenzake akianguka kutoka jukwaa la ujenzi akaumia uti wa mgongo, hatima zao hazifanani. Wa kwanza, akishonwa vyema, aweza kuhisi tena kwa vidole vyake. Wa pili huenda asisimame tena. Ajali za namna hiyo si nadharia: Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliripoti kwamba mwaka 2020 wafanyakazi 50 walipoteza maisha nchini Qatar na zaidi ya 500 walijeruhiwa vibaya, sababu kuu zikiwa kuanguka kutoka juu na ajali za barabarani.

Kwa nini basi neva ya mkono iote tena, na zile za mgongoni zisiote?

Jibu lilianza kudhihirika mjini Montreal, Kanada. Mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo walitwaa kipande cha neva ya mguu wa panya, wakakitandaza kama daraja kati ya shina la ubongo na ugwe wa neva upitao ndani ya uti wa mgongo. Nyuzi za ubongo, zilizodhaniwa kuwa tasa, ziliota ndani ya daraja hilo kiasi cha sentimita 3. Zilipotoka upande wa pili na kuingia katika ugwe, zilisimama baada ya milimita chache tu. Nyuzi ni zile zile. Majirani ndio waliobadilika.

Majirani hao ni seli za glia, ambazo huzilinda na kuzihudumia neva. Mikononi na miguuni zimo seli za Schwann. Neva ikikatika, seli hizi husafisha mabaki, hujipanga safu, kisha huuvuta uzi mpya kwa kemikali maalumu. Uzi hukua takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole ni safari ya mwaka mzima au zaidi.

Ndani ya ugwe, seli ziitwazo oligodendrosaiti hubeba protini ya Nogo, iliyotambuliwa mwaka 2000, ambayo huizuia ncha ya uzi isisonge mbele. Astrosaiti nazo hujenga kovu. Kovu hilo limelaumiwa kwa miaka mingi, pengine kupita kiasi: mwaka 2016 kundi la Michael Sofroniew mjini Los Angeles lilionyesha kwamba panya waliozuiwa kuwa na kovu hawakuotesha nyuzi vizuri zaidi.

Kingamwili dhidi ya Nogo imejaribiwa kwa majeruhi barani Ulaya. Kwa jumla haikuwazidishia nafuu. Dalili za matumaini zilionekana kwa wale ambao ugwe wao haukuharibika wote.

Kwa hiyo nyuzi chache zilizosalia nzima zina thamani kubwa. Aliyeanguka jukwaani asiinuliwe wala kugeuzwa na wenzake kwa pupa. Nchini Qatar gari la wagonjwa huitwa kwa nambari 999.