Kurudi Katika Kazi ya Stima

(Maneno aliyosema mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa tawi)

Nimeombwa niseme juu ya watu wazima wanaorudi katika kazi ya stima baada ya kuiacha miaka mingi. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu mimi ni mmoja wao, wala si kwa ajili ya ufundi wangu, kama mtakavyosikia.

Nilianza kujifunza kazi hii mwaka 1996, nikiwa na miaka 19, na baadaye nikashinda mtihani wa Gredi ya Tatu. Mwaka 2003 kazi ya majengo ilinipotea, nikaenda kushika usukani wa matatu. Nilikaa huko miaka 19. Mgongo uliponishinda, mwaka 2022, nikatoa plaisi na bisibisi zangu sandukuni, nikazifuta kutu, nikarudi.

Fundi niliyewekwa chini yake alizaliwa mwaka ule ule nilioanza kujifunza. Yeye aliniita Mzee, na mimi nikamwita Fundi. Jambo hilo lilinichoma siku mbili tatu, kisha likaisha. Mshahara ndio uliendelea kunichoma, na nitaufikia.

Juma la kwanza tulipelekwa katika ghala moja kufungua boksi ya fezi tatu. Nikaona waya nyeusi. Mikono yangu haikuniuliza neno. Kwa mtu aliyejifunza zamani, nyeusi ni nyutro, basi nikapeleka mkono kuishika. Yule kijana akanidaka kifundo cha mkono, akasema, "Mzee, pima kwanza." Nikaweka testa. Ikawaka. Waya ile ilikuwa ya moto, volti 240. Nilikwenda nje nikakaa juu ya mfuko wa simiti mpaka magoti yakatulia.

Ndugu zangu, sikilizeni vizuri hapa, hasa ninyi mnaofikiria kurudi. Rangi zetu za zamani zilitoka Uingereza: fezi tatu zilikuwa nyekundu, manjano na buluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Uingereza wenyewe walianza kuzibadili mwaka 2004, na tangu 2006 kazi mpya huko ni za rangi mpya. Leo hapa kwetu pia utakuta kebo za rangi mpya: fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Kama zingekuwa rangi ngeni kabisa, mtu angesimama afikiri. Hatari ni kwamba nyeusi na buluu zimebadilishana kazi. Buluu iliyokuwa moto sasa ni nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni moto. Na rangi za zamani hazikutoka ukutani. Zimo katika nyumba nyingi, pengine zimeungwa na mpya ndani ya boksi moja. Watu husema kazi ya mkono haisahauliki. Ni kweli, na mimi nusura nife kwa sababu mkono haukusahau.

Nisije nikasema kama kwamba mzee hana faida. Miezi michache baadaye tuliitwa katika nyumba ya zamani upande wa Eastlands, waya zimeungua juu ya dari. Kijana wangu amezoea breka, zile zinazokata zenyewe ukazirudisha kwa kidole. Pale palikuwa na fyuzi za kufungwa waya. Alitazama asione kosa. Mimi nikachomoa moja nikamwonyesha: mtu alichoka kununua waya ya fyuzi, akafunga msumari. Msumari haukatiki, basi waya ya nyumba ndiyo huungua badala yake. Siku ile Fundi aliniita Fundi.

Sasa mshahara. Mwajiri wangu wa kwanza baada ya kurudi aliniandika kibarua. Alisema cheti changu ni cha zamani. Lakini baada ya miezi miwili alinituma peke yangu kufunga nyumba nzima, na Jumamosi akanilipa ukibarua ule ule. Kwa kutandaza waya nilikuwa fundi, kwa kupokea pesa nilikuwa kibarua. Tena, kama nyumba ingeungua, nani angeulizwa? Sheria ya Nishati ya 2019 haitaki kazi hii ifanywe na mtu asiye na kibali, na vibali hutolewa na EPRA. Kwa hivyo anayekubali kufanya kazi ya fundi bila karatasi hujiweka mahali pabaya mara mbili.

Nilifanya hivi: nikaenda NITA, ndio wanaosimamia mitihani ya ufundi siku hizi, nikaomba kukaa Gredi ya Pili. Nilisoma usiku pamoja na binti yangu aliye sekondari, yeye na hesabu zake na mimi na zangu. Nilishinda. Nikarudi kwa mwajiri na cheti mkononi, na mjumbe wetu wa kazini kando yangu. Peke yangu nisingefika mbali.

Bwana Mwenyekiti, naomba tawi liandike jambo moja katika madai yake: mwanachama anayerudi alipwe kwa kazi anayopewa kufanya, si kwa umri wa cheti chake.

Jumamosi ijayo saa nne nitakuwa hapa na vipande vya kebo, za zamani na mpya, na testa mbili. Anayetaka aje. Vijana pia waje, nitaleta na ile fyuzi ya msumari.