Ukishitakiwa Wizi kwa Mara ya Kwanza

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matatu: shitaka, dhamana, hukumu. Yasomeni pamoja kwa sauti.

Haya, tumfikirie kijana mmoja wa hapa Kenya, mwajiriwa wa dukani. Miezi miwili hajalipwa mshahara. Siku moja achukua gunia la sukari, aliuza, asema moyoni, "Nimejilipa." Kesho yake polisi wamkamata. Hajapata kushitakiwa hata siku moja.

Polisi hawana budi kumwambia, kwa lugha aielewayo, kwa nini amekamatwa. Ana haki ya kunyamaza. Katiba ya mwaka 2010 yataka afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita; zikimalizikia siku isiyo ya korti, basi siku ya korti inayofuata. Aweza kuomba dhamana. Fedha za dhamana si faini, wala si za polisi: apewe risiti, aitunze, naye akihudhuria kesi yake mpaka mwisho atarudishiwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Kortini husomewa shitaka, aulizwe kama ni kweli. Nimeketi kortini nikawaona watu wakijibu "Ndiyo" upesi upesi, wapate kwenda nyumbani. Nyumbani hawakwenda. Aliyekiri kosa hawezi tena kukata rufani kusema hakutenda. Aweza kulalamikia adhabu tu, kwamba imezidi au si halali. Akiwa hafahamu lugha ya korti, aombe mkalimani. Halipi cho chote. Na kama ana neno la kuongeza, mathalani, "Nilichukua, lakini niliamini ni changu," alitamke lote, maana kuchukua kwa kuamini kweli kwamba kitu ni chako si wizi. Hakimu akisikia hivyo huandika kwamba amekana, na mashahidi huitwa.

Je, kijana wetu aweza kusema sukari ilikuwa yake? Ni vigumu. Alichokuwa akidai ni mshahara, na mahali pa kuudai ni kwa afisa wa kazi.

Wizi wa kawaida, kwa kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake hakizidi miaka 3. Lakini mtumishi akimwibia tajiri wake, chaweza kufika miaka 7. Hicho ndicho kikomo, si lazima apewe chote. Kwa mkosaji wa mara ya kwanza hakimu aweza kumwachilia kwa sharti asikose tena kwa muda usiozidi miezi 12, au kumweka chini ya afisa wa probesheni kwa miezi 6 hata miaka 3. Afisa huyo hufika kwao, huuliza wazee na majirani. Mali ikipatikana hurudishiwa mwenyewe. Hata hivyo gereza laweza kuwa lake siku hiyo hiyo, na jina lake likiisha kuandikwa, atalikuta tena siku atakapoomba cheti cha tabia njema ili aajiriwe.

Asiyeridhika na hukumu ana siku 14 za kukata rufani.

Swali la mazungumzo: mzee ametoka sokoni na baiskeli ya mwingine, inafanana mno na yake. Akisomewa shitaka, ajibu nini?