Jumatano Bila Nyama

(Maneno ya mwalimu wa shule ya msingi mbele ya wakazi wa kambi, katika kuadhimisha Siku ya Chakula Duniani, tarehe 16 Oktoba)



Siku ya leo huadhimishwa tangu mwaka 1981, kukumbuka kuundwa kwa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, tarehe 16 Oktoba 1945. Mimi si mtaalamu wa chakula. Nitasimulia jambo lililonipata nikiwa mwanafunzi wa ualimu, kisha nitaeleza kwa nini nalileta hapa.

Chuoni tulikula nyama mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumapili. Siku nyingine zote zilikuwa za ugali na maharage. Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulipelekwa shule ya msingi ya jirani. Darasani kwangu watoto walianza kusinzia ikifika saa nne. Siku moja nilimwadhibu mmoja wao, nikamsimamisha kando ya ubao. Akaanguka. Alikuwa hajala tangu mchana wa jana yake.

Jioni ile tulikaa kikao bwenini. Mwenzetu mmoja akasema: tuache nyama ya Jumatano, fedha yake inunue unga wa uji wa wale watoto. Tukapiga kura, likapita, na uongozi ukaridhia.

Nisiwadanganye, ndugu zangu. Mimi nilinyoosha mkono kwa kuona haya tu. Jumatano ya kwanza niliitazama sahani yangu kama mtu aliyeibiwa. Jumatano ya pili nilitoroka kwenda sokoni, nikanunua mshikaki mmoja, nikaula nimesimama nyuma ya kibanda. Nikiwa narudi, nikamkuta rafiki yangu naye anatoka huko huko, midomo inang'aa mafuta. Hatukuulizana kitu.

Jumatano ya tatu ilikuwa zamu yangu ya kugawa uji. Yule mtoto niliyemwadhibu alikunywa, akafuta kikombe kwa kidole, akaingia darasani. Kwenye somo la hesabu akanyoosha mkono kujibu. Tangu siku hiyo sikwenda tena kwenye mishikaki ya Jumatano. Na mpishi wetu naye, alipoona maharage yamekuwa ndiyo karamu, akaanza kuyaloweka tangu jioni na kuyatilia nyanya na kitunguu. Tukagundua kwamba ubaya haukuwa wa maharage, ulikuwa wa dharau yetu.

Wengine walitutangulia. Mwaka 1917, wakati wa vita, serikali ya Marekani iliwaomba raia wake waache nyama siku moja kwa wiki ili chakula kipelekwe Ulaya. Waumini wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia hujinyima nyama siku za Jumatano na Ijumaa. Wote hao waliacha kitu walichokuwa nacho. Ndiyo maana sisimami hapa kuwaambia ninyi muache nyama. Wengi wetu tumeachishwa bila kuulizwa. Njaa siyo funga, wala mtu asituambie kwamba ni funga.

Ninalotaka kusema ni juu ya maharage. Siku ya mgao, makopo mangapi yanapita sokoni na kugeuka kipande cha nyama cha Jumapili moja, kwa sababu mgeni amefika, au kwa sababu tumechoka kuonekana watu wa maharage? Simlaumu mtu, hata mimi nimefanya. Lakini wiki ya mwisho kabla ya mgao mwingine nawaona tena watoto wanaosinzia saa nne. Safari hii ni wa kwangu na wa jirani zangu.

Tufanye hesabu. Gramu 100 za maharage makavu zina protini kama gramu 20, karibu sawa na gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe. Yakiliwa na ugali, upungufu wa mahindi unafidiwa na maharage. Yakilowekwa usiku kucha yanaiva upesi na kuni zinapungua, na mama zetu wanajua kuni zinawagharimu nini huko porini. Nyanya au ndimu husaidia mwili kupata madini ya chuma, lakini chai pamoja na chakula huyazuia.

Hata hivyo, maharage hayana vitamini B12. Kwa hiyo mtoto mdogo na mama mjamzito wasinyimwe dagaa, yai au maziwa yakipatikana. Kitoweo kikiwa kidogo kianzie kwao, siyo kwa baba!

Ninayo maombi mawili. Kwanza, kila nyumba iweke kando kopo moja la maharage kwa ajili ya wiki ya mwisho, lisiuzwe kwa lolote. Pili, sisi walimu na wengine tunaopata posho kidogo ya mwezi, tuache kitoweo cha Jumatano, tuchangie uji wa darasa la kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi nimeanza Jumatano iliyopita. Mkinikuta nyuma ya kibanda cha mishikaki, niulizeni.