Picha mbovu hung'oa jino zima

Yafuatayo ni maneno ya daktari wa meno kwa vijana wa Titye, wilayani Kasulu, wanaotafuta riziki mijini.



Sikuja kuwaambia mpige mswaki. Hayo mlifundishwa shuleni. Nimekuja kuzungumzia picha ya eksirei, ile mnayoibeba kwapani kama hati ya kiwanja bila kujua kilichomo.

Ugonjwa wa fizi hauna kelele. Unaona damu kwenye mswaki, unasema mswaki mgumu. Kumbe chini, mfupa unaoshika jino unaliwa taratibu. Mfupa mzima huishia milimita 1 hadi 2 chini ya pale taji la jino linapokutana na mzizi. Sasa jiulizeni: kama hesabu yenyewe ni ya milimita, picha yenye ukungu itasema nini?

Picha mbovu hudanganya kwa njia mbili. Mionzi ikizidi, ukingo mwembamba wa mfupa hufutika. Mgonjwa anaambiwa mfupa umekwisha, jino ling'olewe. Mtambo ukiinamishwa vibaya, mfupa uliokwisha kushuka huonekana bado umesimama. Mgonjwa anaambiwa nenda nyumbani, huna tatizo. Ongezeni hapo filamu iliyosafishwa kwa dawa iliyochoka.

Hata skani ya kisasa ya pande tatu haijapona. Ukitikisa kichwa, picha inakuwa na vivuli. Ukiwa na jino la chuma, inatoa michirizi inayoficha mfupa wa jirani. Na picha safi kabisa nayo huchelewa: mfupa hupoteza theluthi moja ya madini yake au zaidi ndipo filamu ionyeshe. Ndiyo maana daktari makini hupima pia kwa kijiti chenye alama za milimita, kati ya fizi na jino. Kikizama milimita 4 au zaidi, hapo pana jambo.

Mtauliza: haya yanatuhusu nini sisi walalahoi? Mwenye nacho akishuku picha, kesho anapiga nyingine. Mtu wa Titye akitumwa Muhimbili anavuka nchi. Reli ya Kigoma hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 1,200. Picha ikiharibika, nauli imekwenda na mionzi ameila bure. Vigogo hukata utepe mtambo unapofika. Nani hukata utepe siku ya kuukagua? Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003 imeikabidhi kazi ya kusimamia mionzi tume maalumu. Ulizeni kama mtambo una leseni. Huo si ukorofi, ni haki yenu.

Basi, kabla ya kung'olewa jino, semeni: "Daktari, nionyeshe mfupa uko wapi." Picha ikiwa ukungu mtupu, na kijiti hakijaingia mdomoni, ulizeni kwanza koleo inafuata nini. Jino la mtu mzima halioti tena.