KUFIKIRI BILA PICHA KICHWANI

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wetu hapa Nyabusozi, Wilaya ya Biharamulo)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya akili na masomo. Hebu fumbeni macho mlifikirie Ziwa Burigi wakati wa asubuhi. Wengi wenu mmeliona. Wengine mmeliona kwa ukungu. Lakini wako wachache wasioona kitu ila giza, ingawa wanajua vema maji yako wapi na jua hutokea upande gani. Mimi ni mmoja wa hao wachache.

Hali hii si upofu wala si wazimu. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alitangaza majibu ya watu aliowaomba waikumbuke meza yao ya chakula cha asubuhi. Alishangaa kuona kuwa baadhi yao, wakiwamo wanasayansi, hawakupata picha yoyote. Mwaka 2015 Profesa Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter, pamoja na wenzake, wakaipa hali hiyo jina: afantasia. Hukadiriwa kuwapata watu 1 hadi 4 katika kila 100. Mwaka 2022 wachunguzi wa Australia walieleza kwamba mboni ya jicho la mtu wa kawaida husinyaa anapofikiria kitu chenye mwanga mkali. Kwa wenye afantasia hawakuona badiliko hilo. Basi msidhani ni uvivu au ubishi.

Ndugu walimu, katika darasa la watoto 50 huenda mmoja au wawili wako hivi. Ukimwambia, "Piga picha kichwani," humsaidii. Mpe karatasi achore, mpe maneno, mpe mpangilio wa hatua. Nanyi wanafunzi, msikate tamaa. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni huko Marekani, ana hali hii hii, na aliiongoza kampuni hiyo kwa miaka mingi. Mimi nami, nikitoka safari ya kazi vijijini, huandika yote siku ile ile. Wenzangu wananijua kwa taarifa zilizokamilika.

Liko jambo moja lililo zito zaidi. Mama yangu amekwisha kufariki. Najua alikuwa mweusi, mrefu, mwenye mwanya, na aliita jina langu kwa kulivuta mwishoni. Hayo nayajua kama nijuavyo jina langu, lakini uso wake siuoni mpaka nishike picha yake. Nayo ni moja tu, ndogo, ya kitambulisho. Nawaombeni, wapigeni picha wazee wenu wangali hai, mziandike majina na mwaka nyuma yake. Na msimhukumu mfiwa asemaye kwamba uso wa marehemu haumjii. Hakusahau. Upendo wake unakaa mahali pengine, katika maneno na matendo aliyorithi.

Akili za watu, ndugu zangu, hazikufinyangwa kwa mkono mmoja kama vyungu vya sokoni. Tuulizane kwanza, ndipo tupimane.