Uvimbe wa Kimya Nao Usomwe

Tezi ya pituitari haizidi ukubwa wa punje ya njegere, na uzito wake haufiki gramu moja. Imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, lakini kimo, hedhi na maziwa ya mama vyote husubiri amri yake.

Ikiota uvimbe, mara nyingi huwa si saratani, ila athari zake si mchezo. Uko unaomwaga homoni ya ukuaji: mtu mzima viatu vinaanza kumbana, pete haivuki tena kifundo cha kidole. Uko wa prolaktini, ambao humfanya mwanamke asiyenyonyesha atokwe na maziwa. Na uko wa kimya. Huu hautoi homoni ya kumshtua mtu. Hukua taratibu mpaka ukabana mishipa ya macho, mgonjwa akaanza kujigonga milangoni kwa kutoona pembeni.

Uvimbe wa prolaktini aghalabu hunywea kwa vidonge. Wa kimya hauna kidonge cha kutegemewa. Ukishabana macho, hutolewa kwa upasuaji kupitia puani.

Nelson Oyesiku, bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyesomea udaktari Ibadan, Nigeria, hakuishia kuutoa. Yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliupeleka maabara. Karibu seli zote za mwili zina jeni zilezile, ila kila seli hunakili zile inazozitumia tu. Watafiti huzitoa nakala hizo kwenye kipande cha uvimbe, huzitia alama, kisha huzimwaga kwenye kibao chenye vidoa vingi, kila kidoa na jeni yake. Alama zikijaa kidoani, jeni hiyo inachapa kazi, zikikosekana, imezimwa.

Mwaka 2001 walichapisha walichokiona: uvimbe wa kimya umesheheni kipokezi cha foleti, vitamini ileile wanayopewa wajawazito kliniki. Baadaye foleti iliyotiwa mionzi ikatumika kuusaka uvimbe huo kwa picha. Mwaka 2003, timu ya Anne Klibanski huko Boston iliripoti kinyume chake: jeni ya MEG3, inayofanya kazi kwenye pituitari yenye afya na yenye uwezo wa kuzuia seli kuzaana, imezimika katika uvimbe wa kimya.

Jeni kuchapa kazi kupita kiasi, au kuzimika, hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyoanzisha ugonjwa. Lakini humwonyesha mtafiti pa kuanzia, na kwa mgonjwa asiye na kidonge hilo si dogo.

Kwa hiyo hospitali zetu zinazofanya upasuaji huu zina la kufanya. Nakala za jeni huharibika upesi tishu ikishatoka mwilini. Mgonjwa aombwe ridhaa kabla ya upasuaji, na kipande kigandishwe papo hapo, kisiishie chote kwenye chupa ya fomalini.