Nyota Moja kwa Kila Kisima

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Tunaanza na kosa letu sisi wenyewe wa timu ya uwanjani. Munakumbuka ule ukurasa wa visima kwenye wiki yetu. Tuliandika mahali kwenye mstari mmoja, hali yake kwenye mstari wa chini, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwenye simu ilionekana vizuri kabisa. Tukahifadhi, tukaenda kulala. Asubuhi ukurasa ulikuwa donge moja: soko kinatoa maji shule kimekufa kanisa kinatoa maji. Aliyesoma akaelewa "kimekufa kanisa". Fundi akapelekwa kanisani na vipuri vyake, akakuta kisima kizima. Kule shuleni mama zetu wakaendelea kuteka ziwani siku kumi na moja zaidi, na ziwani munajua wenyewe kuna kipindupindu.

Sababu ni ndogo sana. Wiki haihesabu ukishuka mstari mara moja tu. Inaunganisha maneno yote. Ukitaka aya mpya, acha mstari mtupu katikati. Ukitaka orodha, anza kila mstari na nyota, hivi:

* Soko: kinatoa maji
* Shule: kimekufa

Nyota moja kwa kila kisima. Ukitaka namba zijihesabu zenyewe, weka alama ya # mahali pa nyota. Lakini usiache nafasi mbele ya mstari, kwa sababu wiki itauweka mstari huo ndani ya sanduku la ajabu na utafikiri simu imeharibika.

Kichwa cha habari kinakaa katikati ya alama mbili mbili: == Visima ==. Maneno mazito yanapata vistari vitatu vya juu kila upande: '''kimekufa'''. Mama mmoja mshonaji aliposikia hivyo alisema, "Basi ni kama mkono wa shati, ukishona upande mmoja tu unafunguka." Tangu siku ile yeye ndiye anafundisha wengine, na sisi tunakaa kimya. Angalieni tu, simu zingine zinaweka vistari vilivyopinda, na hivyo wiki haivijui. Vinyoosheni kwenye mpangilio wa simu.

Kwa kuunganisha kurasa, jina linawekwa ndani ya mabano mawili mawili: [[Visima]]. Likitoka jekundu, ukurasa huo haupo, au umekosea herufi. Kijiji kimoja kilipata kurasa mbili kwa ajili ya herufi moja, na kila upande ulisema wa kwake ndio wa kweli.

Mzee mmoja alituuliza: daftari lina ubaya gani? Hapana ubaya, baba. Lakini wengi hapa walivuka ziwa kwenda Kigoma 1996 na miaka iliyofuata, na daftari zilibaki nyumbani. Kwenye wiki kuna sehemu ya historia: kila badiliko linabaki pale na saa yake, na ukurasa ulioharibika unarudishwa ulivyokuwa. Ndivyo tulivyoona kwamba donge lile lilikuwa kazi ya mikono yetu.

Mmarekani Ward Cunningham alianzisha wiki ya kwanza mwaka 1995, akachukua jina kwenye lugha ya Hawaii, maana yake haraka. Haraka hiyo ndiyo iliyotuponza. Kuna kitufe cha kutazama kabla ya kuhifadhi, sisi hatukukibonyeza.

Jambo moja hatutalegea: majina ya wenye viwanja na namba za simu hazitaandikwa pale. Ukurasa unasomwa na kila mtu, na munajua mashamba yetu mangapi yako mbele ya wazee wa kimila sasa hivi.

Jumamosi tunakutana tena baada ya soko. Mwenye simu aje nayo ikiwa na moto, asiye nayo akae na jirani. Wafadhili, mashine za kompyuta tunazo mbili, zinatosha kwa sasa. Tunachopungukiwa ni mega za kila mwezi, na taa moja ya jua ya kuchajia.

Fundi amekwisha kwenda shuleni. Mstari wa shule umebadilishwa jana na yule mama mshonaji.